Wigi, skafu, kofia au kichwa wazi: uchague nini nywele zikidondoka kwa tibakemikali

Dada yangu mkubwa alinunua wigi kabla ya dripu yake ya pili ya dawa za saratani. Lilikuwa zuri kweli. Lilifanana na nywele alizokuwa nazo, na wageni waliokuja kumjulia hali hawakugundua. Siku ya kwanza alilivaa saa tatu asubuhi. Ilipofika saa saba nilimkuta amekaa kitandani, wigi liko mapajani, na kwenye paji la uso kuna alama nyekundu ya ukanda, imezama kama alama ya soksi iliyobana. Akaniambia, "Mdogo wangu, hili ni la saa mbili tu." Wigi lenyewe lilikuwa zima. Sisi ndio tulilichagua kwa kutazama kioo cha dukani dakika kumi, hatukujiuliza litakaa kichwani saa ngapi kwa siku.

Tangu hapo mtu akiniuliza anunue nini, namwambia achukue karatasi aandike siku yake ilivyo: saa ngapi nyumbani, saa ngapi mbele za watu, saa ngapi kitandani. Karatasi hiyo huamua mengi kuliko picha za mawigi.

## Kwanza, kichwa kitapitia nini

Dawa za tibakemikali hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani ziko hivyo, na za mashina ya nywele pia. Wakati wowote ule, asilimia 85 hadi 90 ya nywele za kichwani zinakuwa katika hatua ya kukua, ndiyo maana zikianza kutoka hutoka kwa mkupuo. Kwa wengi huanza wiki mbili hadi tatu baada ya dripu ya kwanza. Utaziona kwenye mto, kwenye kitana, kwenye tundu la maji bafuni. Wengine husikia ngozi ya kichwa inauma au inawasha siku chache kabla, hata kulalia upande mmoja kunakuwa tabu.

Si kila dawa hufanya hivyo. Doxorubicin, paclitaxel na docetaxel mara nyingi huondoa nywele zote, lakini dawa nyingine huzipunguza tu. Tiba ya mionzi huondoa nywele za pale tu inapoelekezwa. Kwa hiyo kabla hujatumia pesa, muulize daktari kwa jina la dawa yako: zitatoka zote, zitapungua, au zitabaki? Muulize pia kama hospitali ina kofia ya kupoza kichwa, ile inayovalishwa kabla, wakati na baada ya dripu ili mishipa ya damu ijibane na dawa kidogo tu ifike kwenye mashina ya nywele. Haimfai kila mgonjwa, na kwa saratani za damu kwa kawaida haitumiki. Lakini swali hilo lina wakati wake, ni kabla ya dripu ya kwanza.

Matibabu yakiisha, nywele huanza kurudi baada ya wiki kadhaa, laini kama za mtoto mchanga, kisha hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Jumlisha miezi ya dawa na miezi mitatu hadi sita ya kuota, utapata muda utakaohitaji kitu cha kuvaa.

## Vipimo nitakavyotumia

Nimepima mawigi, skafu, kofia na kichwa wazi kwa mambo manne. La kwanza ni ngozi na joto, maana ngozi isiyo na nywele husikia kila mshono. La pili ni kukaa kichwani: nywele zilikuwa zinashika kitu kisiteleze, na sasa hazipo. La tatu ni matunzo na muda, yaani kitadumu kiasi gani na kitakudai nguvu kiasi gani siku ambayo huna nguvu. La nne ni macho ya watu. Hili usiruhusu mtu aliite upuuzi. Kuamua nani ajue unaumwa na nani asijue ni haki yako, na kwa wengine ndilo jambo zito kuliko yote manne.

## Wigi la nyuzi bandia

Ngozi na joto. Uzuri wa wigi uko nje, raha yake iko ndani. Ukiwa dukani ligeuze ndani nje. Yale ya kawaida yana mistari ya nyuzi zilizoshonwa kwenye vitepe vyenye nafasi kati yake. Hewa inapita, lakini mishono hukwaruza kichwa kilicho wazi. Mengine yana neti laini ambayo kila unywele umefungwa kwa mkono. Hayo huwa ghali zaidi, ila ngozi huyapenda, na nywele zinaweza kugawanywa upande wowote zikaonekana zinatoka kichwani. Chukua upande wa ndani uusugue polepole kwenye ngozi laini ya chini ya kiganja, kwenye mshipa, kwa dakika nzima. Kama unawasha hapo, kichwani utawasha zaidi. Kofia nyembamba ya pamba au ya kitambaa cha mianzi ikivaliwa chini yake hunywa jasho na kuzuia mikwaruzo.

Kukaa kichwani. Saizi ya wastani hufaa vichwa vya mzunguko wa sentimita 54 hadi 57 hivi. Pima kuanzia paji la uso, juu ya masikio, hadi chini ya kisogo. Ukipima ukiwa na nywele, kumbuka zikitoka kichwa kitapungua, hivyo chagua lenye vitepe vya kukazia nyuma. Ukanda wa mahameli unaovaliwa kuzunguka kichwa huzuia lisiteleze. Gundi iache kwa kipindi hiki, ngozi haina uvumilivu wa kuibandua.

Matunzo na muda. Hapa ndipo linapopendwa. Linakuja limeshatengenezwa mtindo. Unaliosha kwa maji baridi na shampuu kidogo, unalikung'uta, unalitundika, na asubuhi limerudi vilevile. Adui yake ni joto. Nilimwona dada akifunua sufuria iliyokuwa ikichemka, mvuke ukampanda usoni, na nywele za mbele zikajikunja papo hapo, zikawa ngumu kama uzi wa plastiki uliopitishiwa kiberiti. Tuliziosha, tukazichana, hazikurudi. Tanuri likifunguliwa ni hivyohivyo, na draya, na pasi ya nywele. Likivaliwa kila siku hudumu miezi minne hadi sita, muda ambao kwa watu wengi unakaribiana na wa matibabu yenyewe.

Macho ya watu. Jipya hung'aa kupita nywele za kweli. Poda kidogo ikipakwa na kukung'utwa hupunguza mng'ao. Na usihangaike kutafuta nywele nyingi sana, kwani wigi lililojaa kupita kiasi ndilo linalojulikana mbali.

Linamfaa anayetaka kuonekana vilevile kazini au kwenye hadhara, asiye na nguvu ya kutengeneza nywele kila asubuhi, na asiyeshinda jikoni.

## Wigi la nywele za binadamu

Ngozi na joto. Mara nyingi ni zito kuliko la nyuzi bandia, hasa likiwa refu. Uzito huo huusikii dukani, unausikia jioni shingoni. Kuhusu upande wa ndani, niliyosema juu yanahusu na hili.

Kukaa kichwani. Sawa na lile, ila urefu huongeza mvuto wa kurudi nyuma. Fupi hukaa vizuri zaidi.

Matunzo na muda. Litendee kama nywele zako: shampuu, kondishna, kukausha, kutengeneza upya kila baada ya kuosha. Unyevunyevu wa hewa hulifumua na jua hupausha rangi yake. Kwa upande mwingine, linavumilia joto la kiasi, unaweza kulikata na kulibadili mtindo, na likitunzwa hudumu mwaka au zaidi. Swali la kujiuliza ni nani atalitengeneza wiki ile ya baada ya dripu, mikono ikiwa mizito na kichefuchefu kiko kooni. Kama yuko mtu wa kukufanyia, vizuri.

Macho ya watu. Likikatwa na fundi likiwa tayari kichwani mwako, hakuna linalolishinda kwa kufanana na nywele za mtu. Tafuta linalolingana na nywele zako halisi, ziwe za kipilipili, za mawimbi au zilizonyooka, kwani hapo ndipo wengi hujuta: wananunua nywele nzuri zisizo zao.

Linamfaa atakayelivaa muda mrefu zaidi ya matibabu. Wapo wachache ambao nywele hurudi haba, jambo linalojulikana kutokea kwa baadhi ya waliotumia docetaxel, na kwao gharama ya mwanzo hulipa. Kwa mtu wa miezi sita asiye na msaidizi, ningesita.

## Skafu ya kufunga

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu huiona kama kitu cha dharura, wakati ndiyo iliyomfikisha dada yangu mwisho wa matibabu.

Ngozi na joto. Pamba nyembamba haina mpinzani. Inapitisha hewa, inanyonya jasho, haina mshono wa kukwaruza.

Kukaa kichwani. Hapa kitambaa ndicho kila kitu. Hariri na satini ni laini lakini juu ya kichwa kitupu huteleza, unashinda siku nzima ukiirudisha. Kama unaipenda, vaa kofia ya pamba chini yake. Ukubwa wa sentimita 90 hadi 100 kila upande unatosha kufunika kichwa chote na kubaki na ncha za kuzungushia.

Namna yake ni hii. Kunja pembetatu. Weka ule mkunjo chini kwenye paji la uso, vidole viwili tu juu ya nyusi, maana ukiuweka pale nywele zilipokuwa zinaanzia, itapanda yenyewe na kuacha ngozi nje. Peleka ncha mbili nyuma, zifunge chini ya kile kivimbe cha kisogo, juu ya mkia wa kitambaa na si chini yake, ili upepo usiinyanyue. Kisha sokota ncha, zizungushe, uzichomeke. Jambo lingine ambalo hatukulijua mwanzoni: bila nywele, skafu hulala na kichwa huonekana kidogo kuliko uso. Kunja kitambaa cha pamba, au chukua pedi ya bega ya koti la zamani, uiweke utosini chini ya skafu. Umbo la kichwa linarudi. Dada alipojiona hivyo kwenye kioo alinyamaza, kisha akaomba nimletee hereni.

Matunzo na muda. Zinafuliwa pamoja na nguo. Ukiwa na tano una za wiki nzima kwa gharama ambayo haifiki hata karibu na ya wigi.

Macho ya watu. Wanaokujua bila skafu wataelewa. Usipotaka waelewe, kuna vipande vya nywele za mbele vinavyovaliwa chini ya skafu vikachungulia kwenye paji. Kama tayari ulikuwa mtu wa kujifunika mtandio, siri yako imelindwa tangu mwanzo. Kitakachokusumbua ni kuteleza tu, kwa kuwa hakuna tena nywele za kushikilia.

Inamfaa mwenye joto jingi, mwenye ngozi inayowasha, mwenye pesa kidogo. Tahadhari moja: kufunga kunataka mikono ipande juu ya kichwa. Aliyefanyiwa upasuaji wa titi au kutolewa tezi za kwapani anaweza asiweze kwa wiki kadhaa.

## Kofia laini na kilemba kilichoshonwa tayari

Ngozi na joto. Tafuta ya pamba au ya kitambaa cha mianzi, na uangalie mshono unapita wapi. Ukipita katikati ya utosi, utaulalia. Sufu huwasha. Usiku kichwa kisicho na nywele hupoteza joto, na hata asiyewahi kuvaa kofia maishani hujikuta akiamka saa nane kwa sababu kichwa kina baridi.

Kukaa kichwani. Unavaa kwa mkono mmoja, imetosha. Angalia lastiki isiache alama, na ishuke hadi nyuma ya shingo, kwani kofia nyingi za kawaida zilishonwa kwa watu wenye nywele, huacha kisogo kitupu.

Matunzo na muda. Fua, anika, vaa. Wakati nywele zinadondoka pia huzikusanya zisitapakae kitandani, na hilo peke yake hupunguza uchungu wa asubuhi.

Macho ya watu. Niseme ukweli, kofia ya namna hii ndiyo inayosomwa haraka kuwa ni ya mgonjwa. Nyusi zilizochorwa na kitu cha rangi karibu na uso hubadili hilo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mara nyingi kinachosema "anaumwa" ni nyusi na kope zilizotoka. Ukitoka juani ongeza kofia ya ukingo mpana juu yake.

Inamfaa karibu kila mtu, angalau kwa saa za usiku.

## Kichwa wazi

Ngozi na joto. Hakuna raha inayoipita. Lakini jua huunguza ngozi ambayo haijawahi kuliona, na baadhi ya dawa huongeza wepesi wa kuungua. Paka krimu ya kujikinga na jua yenye SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi, hata nyuma ya masikio.

Kukaa kichwani. Hakuna cha kuteleza.

Matunzo na muda. Sabuni isiyo kali, mafuta yasiyo na manukato. Ukitaka kunyoa kabla hazijaisha zenyewe, tumia mashine, usitumie wembe. Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, na chembe sahani, zinazogandisha damu, zinaweza kuwa chini, na mkato mdogo ukawa mlango wa maambukizi au ukachelewa kukauka.

Macho ya watu. Yatakutazama. Kuna siku utayavumilia na siku hutaweza, basi weka kofia kwenye mkoba hata kama umeamua. Kwa wanaume huonekana rahisi, kwa kuwa upara wa mwanamume haumshangazi mtu. Lakini mwanamume aliyefuga ndevu miaka 20 akazipoteza pamoja na nyusi anapata msiba ambao watu wa karibu hawauoni, na hakuna kofia ya kidevu. Muulizeni anajisikiaje.

Kinamfaa asiyetaka kuficha, na yeyote akiwa chumbani kwake.

## Kwa hali yako

Hujui bado kama zitatoka? Nunua kofia moja laini na skafu moja ya pamba sasa, wigi lisubiri. Ila piga picha ya nywele zako kwenye mwanga wa mchana, mbele, pembeni na nyuma, na ukate kishungi kidogo cha mbele ukifunge uzi. Rangi ya mbele ndiyo uso wako umeizoea, na muuzaji ataihitaji.

Unakutana na watu kazini saa sita au nane kwa siku na hutaki maswali: wigi la nyuzi bandia lenye neti laini, fupi, na kofia ya mianzi chini yake. Tafuta mahali pa faragha pa kulivua dakika kumi mchana. Lizoee nyumbani saa moja, kesho mbili, kabla ya kulivaa siku nzima.

Unashinda nyumbani na kutoka mara moja moja: skafu na kofia zinatosha. Kama kuna sherehe moja unayotaka kuonekana kama zamani, omba wigi la kuazima. Baadhi ya hospitali na vyama vya wagonjwa wa saratani hukopesha au kutoa bure, na muuguzi wa wodi kwa kawaida ndiye anayejua. La kuazima lioshe kwanza, hata ukiambiwa ni safi.

Unapata joto la ghafla linalopanda usoni, kama linavyowapata wengi walio kwenye tiba ya homoni: kitu chepesi unachoweza kuvua kwa sekunde moja. Wigi na skafu yenye mafundo matatu vitakutesa.

Unapika, unapiga pasi au unafanya kazi karibu na moto: skafu ya pamba iliyobana, ncha zimechomekwa ndani. Wigi livae ukimaliza.

Mikono haipandi: kilemba kilichoshonwa.

Nywele zimepungua lakini hazijaisha: usisuke, usishone nywele za kuongezea, usibane vibanio vinavyovuta. Zilizobaki zimeshika kwa udhaifu.

Mgonjwa ni mtoto: mpe kofia tatu achague mwenyewe, na akisema hataki yoyote, mwache. Wigi analitaka zaidi mzazi. Lakini kijana wa sekondari anaweza kulihitaji kuliko mtu mzima, kwa hiyo msikilize na msimcheke.

Na siku ya kipimo cha MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, nenda na kofia ya pamba isiyo na chuma. Wigi lenye vibanio litavuliwa kabla hujaingia kwenye mashine, na ni afadhali ulivue mwenyewe nyumbani kuliko kuombwa mbele ya watu kwenye korido.